Karanga, damu na sahani ya vitundu: siku moja maishani mwangu

Saa 1 asubuhi. Upepo wa Dodoma umeshaanza kazi yake, vumbi mpaka kwenye kope. Dereva wa bajaji anaona mfuko wangu wa karanga mbichi za Majengo. "Dada, nigawie." Namwambia hizi si za kula, ni za maabara. Hakuniamini.

Saa 3. Karanga nilizosaga jana, nikazitoa mafuta kwa asetoni na kuziloweka kwenye maji ya chumvi, zinaingia kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi mpaka machicha yatuame chini. Maji yanayobaki juu yana lektini, protini inayotambua sukari. Ya karanga hupenda galaktosi. Ina vipande vinne, na kila kimoja kina mahali pa kushika, hivyo inaweza kuunganisha seli mbili. Mshiko mmoja ni dhaifu. Ikishika sehemu nyingi kwa pamoja, haibanduki kirahisi.

Saa 5. Naosha seli nyekundu za damu mara tatu. Galaktosi zinayo, ila imefunikwa na asidi ya siali, sukari nyingine, kwa hiyo lektini inapita bila kuiona. Nusu ya seli nazipa kimeng'enya cha kuondoa kifuniko hicho na kuziweka kwenye nyuzi 37.

Saa 7, ugali na mlenda. Ule utelezi nao ni minyororo ya sukari, lakini mezani sikusema, wenzangu wamenichoka.

Saa 8. Sahani ya vitundu 96. Nazimua lektini nusu kwa nusu, kitundu hadi kitundu, kisha natia seli. Sahani inatakiwa kutulia saa nzima. Dakika ya ishirini upepo ukabamiza mlango, meza ikatikisika. Nikaanza upya.

"Shikamoo mzee," namsalimu mzee aliyesimama mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Leo huo mlango naulinda mimi."

Saa 11. Seli zisizoguswa na kimeng'enya zimeteremka na kukaa katikati ya kitundu, kidoa chekundu kama mboni ya jicho. Zilizovuliwa kifuniko zimeshikana, zimetanda kama mkeka hadi kitundu cha saba. Safu niliyotia manosi, sukari ambayo lektini hii haiishiki, mkeka uleule. Yenye laktosi, sukari ya maziwa iliyobeba galaktosi, ni vidoa vitupu, maana lektini imeishika laktosi badala ya seli, isipokuwa kitundu cha kwanza: nusu kidoa, nusu mkeka. Hapo lektini ni nyingi mno, laktosi niliyoweka haikutosha kuizuia yote. Kesho naongeza laktosi.

Karanga zilizobaki nimezikaanga jioni.