Uzoefu wangu: pua ya binti yangu iliyogoma kufunguka na stika mbili za masikioni

Nianze na hasira, nikishaitoa nitaeleza vizuri. Mafua ya mtoto ni shamba lisilo na mwenyewe, kila apitaye hulima. Bibi yake anasema ni baridi. Jirani anasema kinga ya mwili imeshuka. Shemeji yangu, ambaye sijawahi kumwona akisoma hata ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, alisema bila kusita kwamba ni nyama za puani na mtoto apelekwe akakatwe. Na karibu wote walimalizia hivyo hivyo: "Mpe antibayotiki." Antibayotiki huua bakteria. Chavua ya nyasi, ule unga wa maua yake, si bakteria. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka siku hizi nikianza tu, mke wangu ananimalizia sentensi.

Binti yangu ana miaka sita. Miti na nyasi zikianza kuchanua, naye anaanza: chafya za mfululizo akiamka, kamasi jepesi la majimaji, macho mekundu, na kiganja kinachosugua pua kutoka chini kwenda juu kutwa nzima, hadi ameota kamstari juu kidogo ya ncha ya pua. Chini ya macho kuna weusi, walimu wakadhani halali. Homa hana. Mafua ya virusi huja, humsumbua mtoto wiki moja au siku kumi, huondoka. Haya yake yalikuwa yanafuata maua, na maua hayana haraka.

Daktari alimulika matundu yote mawili. Nikauliza kwa nini anahangaika na yote wakati mtoto anavuja kote, akanijibu kwamba kamasi la upande mmoja tu, lenye harufu mbaya, kwa mtoto mdogo mara nyingi ni shanga au kipande cha sponji alichokisukumia huko mwenyewe. Yetu haikuwa shanga. Ilikuwa aleji ya msimu.

Jirani aliposikia alicheka: "Aleji! Magonjwa ya siku hizi hayo." Mimi huwa sipendi kuachia mambo kama hayo yapite, kwa hiyo nilimweleza kwamba mwaka 1819 daktari mmoja wa London, John Bostock, aliandika dalili hizi hizi kwa kujitolea mfano yeye mwenyewe, na mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester akatoa kitabu kuonyesha kuwa mchokozi ni chavua, baada ya kujijaribia chavua hiyo puani mwake. Jirani alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimeshajaribu vitunguu saumu.

Basi, dawa ya kwanza ilikuwa setirizini ya maji, sirapu ya aleji. Chupa yetu ina miligramu 5 katika kila mililita 5, na kiasi alitupangia daktari. Tunapima kwa bomba lisilo na sindano, kwa sababu vijiko vya nyumbani kila kimoja kina ujazo wake. Bibi yake hakuipenda. Yeye ni mtu wa klorofeniramini, dawa ya miaka mingi, na sababu yake ni moja: "Ile inamlaza mtoto." Ndiyo, inamlaza, kwa kuwa dawa za kundi lile la zamani hupenya hadi kwenye ubongo. Inamlaza usiku na inamlaza darasani pia. Ndugu yake mwingine, promethazini, haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, inaweza kumzimisha pumzi. Hizi mpya, setirizini na loratadini, hupenya kidogo mno, ingawa setirizini nayo huwafanya baadhi ya watoto wasinzie. Wetu tulianza kumpa jioni, mambo yakaenda.

Chafya zilipungua. Mwasho ukaisha. Macho yakawa meupe. Pua? Imeziba vilevile. Usiku alikuwa anakoroma kuliko mimi, mdomo wazi, na asubuhi midomo imekauka na koo linauma. Nilikuwa namwambia: "Penga, mwanangu. Penga kwa nguvu." Anapenga mpaka masikio yanaziba, hakitoki kitu.

Hakitoki kwa sababu hakuna kitu. Hili ndilo ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza. Chafya, mwasho na kuvuja kwa kiasi kikubwa ni kazi ya histamini, kemikali ambayo mwili huimwaga wakati wa aleji, na sirapu inaizuia hiyo vizuri. Kuziba ni jambo jingine: ni ngozi laini ya ndani ya pua iliyovimba, mishipa yake midogo ya damu imejaa, njia imebanwa. Sirapu ya aleji haiugusi sana uvimbe ule. Nilikuwa na mtoto mwenye matatizo mawili na dawa ya tatizo moja.

Hapo ndipo muuza dawa mmoja, simtaji, aliponipa matone ya kufungua pua, oksimetazolini. Na nitasema ukweli: usiku wa kwanza nilitaka kurudi kumkumbatia. Dakika chache tu, mtoto anapumua kwa pua! Tulikaa kitandani kwake tukisikiliza ile pumzi. Mke wangu alinong'ona, "Sikiliza, hakoromi." Nikavimba kichwa kana kwamba matone nimeyatengeneza mimi.

Siku zilizofuata pua ikawa inafunguka kwa muda mfupi zaidi. Kisha ikawa inaziba kabla hata ya saa ya tone jingine kufika, tena vibaya kuliko mwanzo. Nikarudi kwa yule bwana. Ushauri wake? "Ongeza tone moja moja." Mke wangu ndiye aliyechukua boksi na kusoma kwa sauti kwamba yasitumike zaidi ya siku 3. Matone haya yanabana mishipa ya damu kwa nguvu, na yakizidishwa siku, mishipa ikiachiwa inavimba maradufu, kwa hiyo unakuwa unatibu uvimbe ulioletwa na dawa yenyewe. Tuliyaacha. Kwa siku kadhaa hali ilikuwa mbaya, mtoto analia usiku "fungua pua, baba," na chupa iko pale kabatini inanitazama. Nikaitupa ili nisishawishike.

Muuza dawa huyohuyo alikuwa ameniuzia pia sirapu ya mafua yenye fenilefrini. Kuhusu hiyo: Septemba 2023 jopo la wataalamu wanaoishauri FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilisema kwamba fenilefrini ya kunywa, kwa vipimo vinavyouzwa bila cheti, haifungui pua. Novemba 2024 FDA yenyewe ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za aina hiyo. Mimi chupa nilikuwa nimeshalipia. Ilikuwa na ladha nzuri, angalau mtoto alifurahi.

Tukarudi kwa daktari, akaandika dawa ya kupuliza puani yenye flutikasoni. Ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Ukitaka kujua ndugu zako wote wanakupenda kiasi gani, tamka neno "steroidi" na jina la mtoto katika sentensi moja. Simu zilipigwa. Atanenepa, hatakua, mifupa italainika. Nilimuuliza daktari yote hayo bila aibu. Alinieleza kwamba dawa inafanya kazi palepale puani na inayoingia mwilini ni kidogo sana, kwamba flutikasoni hii hutumika kuanzia miaka 4, na kwamba hofu ya kimo haikutoka hewani: zinaweza kupunguza kidogo kasi ya mtoto kurefuka. Kwa hiyo unatumia kiasi kidogo kinachotosha, msimu ukiisha unaacha, na unampima urefu. Tulichora alama ukutani. Anaendelea kupanda.

Tukapuliza. Siku ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna. Hilo niliambiwa: dawa hii haina papara, nguvu yake kamili inaweza kuchukua hata wiki mbili. Nikavumilia. Lakini badala ya nafuu ikaja damu, michirizi kwenye kitambaa, na mtoto analalamika dawa ni chungu. Shemeji: "Si tulikuambia?"

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo najisikia mtu wa maana.

Niliketi kumwangalia mama yake akimpulizia. Chupa imesimama wima, mtoto ameinua uso juu, ncha inaelekea katikati, na dawa ikitoka tu mtoto anavuta kwa nguvu zake zote, kama alivyofundishwa kuvuta kamasi. Nikafikiri: akihisi uchungu, dawa iko kooni. Dawa ikiwa kooni, puani haipo. Na damu inatoka kwa sababu ncha inapiga ule ukuta mwembamba unaotenganisha matundu mawili, kila siku mahali palepale. Dawa haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inapelekwa pasipostahili.

Karatasi ya ndani ya boksi ilisema ielekezwe upande wa nje, mbali na ule ukuta. Jaribu kumwambia mtoto wa miaka sita anayejipinda "elekeza upande wa nje". Nikachukua stika zake, nyekundu nikambandika kwenye sikio la kulia, ya bluu kushoto. Nikamsimamisha mbele ya kioo, nami nikasimama nyuma yake, sote tunatazama mbele. Kanuni ikawa mikono ipishane: mkono wangu wa kulia kwa tundu lake la kushoto, mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Ukipishanisha hivyo, chupa inajilaza yenyewe na ncha inatazama sikio la upande uleule. Kazi yake yeye ni kuangalia kwenye kioo na kupiga kelele "Bluu!" ikiwa ncha inalenga stika. Asipopiga kelele, sibonyezi. Ghafla mtoto aliyekuwa anajificha chini ya meza akawa msimamizi, na msimamizi mkali: "Baba, hapana, hiyo inaenda kwenye jicho."

Kuvuta kulichukua muda zaidi. Kila ukimwambia mtoto avute kidogo, yeye anavuta yote. Nikaacha dawa kabisa, nikampa kipande cha sabuni anuse bila mtu mwingine yeyote kumsikia akinusa. Nikimsikia, ameshindwa. Alipoweza kunusa kimyakimya, tukahamishia mchezo huo kwenye chupa: kidevu kimeinama kidogo, puliza, nusa kimya. Uchungu ukaisha kooni. Damu nayo ikakoma baada ya kupumzisha pua siku chache, kwa idhini ya daktari.

Kabla ya dawa tunaosha pua kwa maji ya chumvi, tunasubiri kidogo ndipo tunapuliza, kwani kupuliza dawa juu ya kamasi ni kuitupa. Maji hayo ama ni ya kununua, yaliyotayarishwa, ambayo ni ghali kidogo, ama ni yaliyochemshwa yakapoa. Ya bomba moja kwa moja, hapana. Kuna kiumbe kinaitwa Naegleria fowleri ambacho ukikinywa hakikudhuru, lakini kikipanda puani kinaweza kufika kwenye ubongo, na karibu kila anayepatwa nacho hufa. Ni nadra sana, ila kuchemsha maji kuna ugumu gani?

Ndani ya kama wiki mbili za kupuliza sawasawa, mkoromo ulikwisha. Niliamka usiku nikidhani kuna kitu kimeharibika, kumbe ni ukimya tu.

Mengine niandike kabla sijasahau. Dawa ya kupuliza inafaa ianzwe wiki moja au mbili kabla ya msimu, sisi sasa tumeiwekea alamu. Nywele zinaoshwa jioni, maana chavua inalala naye kwenye mto. Nguo zake hatuaniki nje miezi ile. Ile dawa ya kuchua yenye mentoli aliyoleta bibi inampa mtoto hisia ya ubaridi, na hisia hiyo ndiyo anayodhani ni kufunguka, uvimbe uko palepale. Kwa watoto walio chini ya miaka miwili isipakwe. Kumfunika mtoto shuka juu ya sufuria ya maji ya moto nilikataa katakata, mtoto hujifunza kujiunguza mara moja. Mtu akikupendekezea montelukasti, dawa nyingine ya aleji, muulize daktari kwanza kuhusu onyo ambalo FDA ililikaza Machi 2020, la ndoto mbaya na mabadiliko ya tabia na hisia.

Na shemeji, kwa haki yake: daktari alisema kama mkoromo na kulala mdomo wazi vingebaki hata uvimbe ukishatulia, nyama za puani ndicho kitu ambacho angekiangalia baadaye. Nilimwambia shemeji hilo. Sikupaswa. Sasa anasimulia kwamba yeye ndiye aliyegundua ugonjwa.

Kinachofuata ni kipimo cha ngozi, tujue ni chavua ya mti gani au nyasi gani hasa. Sirapu ya setirizini tunaisimamisha karibu wiki moja kabla, vinginevyo ngozi haitajibu kitu, lakini ya kupuliza inaendelea. Binti ameshauliza kama kwenye kipimo hicho anaruhusiwa kwenda na stika zake.