Unga hauazimwi

Jioni hii nilikuwa dukani kwa Mangi nasubiri chenji.

Kaingia kijana wa mtaani kwetu: "Mangi, niazime unga kilo mbili, mwisho wa mwezi naleta."

Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akadakia: "Unga hauazimwi, mjukuu wangu. Jembe unaazima, unarudisha jembe lile lile. Unga ukishasongwa ugali utarudisha upi? Sema unakopa."

Tukacheka. Kijana hakucheka.

Mzee ana hoja, sibishi. Ila niliuona uso wa yule kijana. "Nikopeshe" inanuka daftari la madeni. "Niazime" ina ujirani ndani yake. Nadhani ndiyo maana hata kwenye pesa tunasema "niazime elfu kumi", wakati hakuna anayetegemea noti ile ile irudi (na kuna wengine hata noti nyingine hairudi, mnajijua 😂).

Mangi wala hakuingilia. Kapima unga, kafungua daftari, kaandika.

Nyie kwenu mnaombaje? Ukiambiwa "niazime" moyo haulegei kidogo kuliko "nikopeshe"? Au ni mimi tu?