Kuhama Dar kwenda Iringa: nilivyopiga hesabu kabla ya kupakia mizigo

Mtu akiwaza kuhama Dar es Salaam kwenda mkoani, kinachomvuta kwanza ni kodi ya nyumba. Anasikia kwamba kwa pesa ya vyumba viwili vya Tabata atapata nyumba nzima yenye uwanja Iringa, na hesabu anaifungia hapo. Mimi nilianzia kwenye kipato, na hadi leo namshauri kila anayeniuliza aanzie huko huko. Kodi ikishuka nusu na kipato nacho kikashuka nusu, hakuna ulichookoa.

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 5,380,000 Dar, na Manispaa ya Iringa takriban 202,000. Chukua kazi inayotegemea mteja mmoja kati ya watu 10,000, kwa mfano kutengeneza vifaa vya studio au kushona magauni ya harusi ya bei kubwa. Dar kazi hiyo ina wateja zaidi ya 500. Iringa ina 20, na huenda tayari kuna fundi anayewahudumia. Biashara za kila mtaa kama gesi, unga, saluni na duka la dawa haziumizwi hivyo, kwa sababu hata mtaa wa nyumba mia mbili unazihitaji.

Kipato nilikigawa mafungu matatu. La kwanza ni kile kinachosafiri na wewe: kazi unayoifanya kwa kompyuta popote ulipo, kodi ya nyumba uliyoiacha Dar, mshahara wa ajira inayohamishika. La pili ni kile utakachoanza upya ukifika. La tatu kinakatika siku unayoondoka, kama vibarua vya jioni na kazi zinazokuja kwa kujuana. Fungu la kwanza niliandika lote kama lilivyo, la pili sifuri kwa miezi sita ya mwanzo, la tatu sifuri moja kwa moja. Fungu la kwanza peke yake, pamoja na akiba, lisipotosha chakula, kodi na shule kwa miezi hiyo sita, safari isubiri. Mtumishi wa umma naye ajue kwamba uhamisho alioomba mwenyewe hauambatani na malipo ya kuhamia, kwa hiyo gharama zote za mizigo zinatoka mfukoni mwake.

Anayekwenda kufungua biashara asiridhike na jibu la "hapa biashara ipo". Pesa ya Iringa ina misimu. Kuna pesa ya wanafunzi wa vyuo vikuu, yaani Mkwawa, RUCU (Ruaha Catholic University) na Chuo Kikuu cha Iringa, ambayo hukauka kwa miezi kadhaa vyuo vikifunga katikati ya mwaka. Kuna pia pesa ya wakulima, inayoingia baada ya mavuno, nayo ni kuanzia katikati ya mwaka hiyo hiyo. Kwa hiyo stationari iliyo mlangoni mwa chuo inalala wakati duka la mabati linachangamka. Februari hali inageuka, wakulima wakiwa wameshazika pesa yao kwenye mbolea na palizi. Muulize mfanyabiashara wa aina yako aliuza kiasi gani Februari na kiasi gani Agosti. Wastani wa mwezi hautakwambia kitu.

Kwenye matumizi nilitenganisha vinavyoshuka, visivyobadilika na vinavyopanda. Vinavyoshuka vinajulikana: kodi, nauli ya kila siku, viazi, maharage, mahindi, mboga za majani, maziwa, pamoja na vitunguu na nyanya za Ilula. Mbao nazo, kwa kuwa msitu wa Sao Hill uko jirani tu, Mufindi. Visivyobadilika watu huvisahau. Bei ya umeme ni moja nchi nzima, na bando la intaneti ni lile lile. Vinavyopanda ni samaki wa baharini, nazi, sukari na mafuta ya kula ambavyo mara nyingi vimeongezewa usafiri wa kutoka Dar, nguo nzito, na moto.

Huu moto nitaueleza kwa kirefu, maana ndio unaovuruga bajeti ya mtu wa pwani. Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti joto hushuka hadi kukaribia nyuzi 10. Kuoga maji ya baridi asubuhi haiwezekani kwa familia yenye watoto. Hita ya bafuni ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 inakula karibu uniti 0.9. Watu wanne kwa siku ni uniti 3.7, na kwa mwezi ni kama 110. Sasa kumbuka kwamba bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, iliyotumika kwa miaka mingi, ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Juu ya hapo unaingia kwenye 292 kabla ya kodi. Kuoga peke yake kumeshakutoa kwenye kundi la bei nafuu, kabla hujawasha taa wala friji.

Ndoo ni nafuu zaidi. Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 15, lita 5 zilizochemka ukizichanganya na lita 10 za baridi unapata lita 15 zenye nyuzi kama 42, zinazotosha mtu mzima kuoga vizuri. Kuchemsha hizo lita 5 kwa birika la umeme ni karibu nusu uniti, kwa hiyo umepunguza matumizi karibu nusu. Ukichemsha kwa gesi, umeme wako unabaki chini ya 75, ila mtungi unaisha mapema. Panga mtungi wa pili wa akiba kwa miezi hiyo.

Maharage nayo yanakula gesi. Kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, na punje inachelewa kuiva hata ukiongeza moto. Yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, kisha tumia sufuria ya presha. Kitu kimoja nasisitiza kwa kila anayehamia: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala kilichofungwa, hata kama yamebaki makaa mekundu tu. Gesi inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu wala moshi, na inaua watu wakiwa usingizini.

Baridi hiyo ndiyo inayoamua nyumba ipi inafaa. Dar tunatafuta madirisha makubwa na upepo. Iringa tafuta madirisha ya kioo yanayofunga sawasawa na silingibodi isiyo na matundu, kwa kuwa bati tupu linapoa haraka usiku. Katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba chenye dirisha la kaskazini kinapata joto mchana kutwa wakati cha kusini kinabaki na ubaridi na ukuta wenye unyevu. Upepo wa miezi hiyo unatoka kusini mashariki, hivyo mlango wa sebule ulioelekea huko utakusumbua. Nenda kaikague nyumba asubuhi ya Julai, ukae ndani nusu saa bila kuwasha kitu.

Habari za maji usimuulize dalali. Fungua bomba mwenyewe saa za mchana, kisha muulize jirani maji yanatoka siku gani na saa ngapi, hasa kwenye mitaa ya mwinuko kama Gangilonga na Wilolesi. Familia ya watu wanne wanaotumia lita 50 kila mmoja inamaliza lita 200 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 linawatosha siku tano. Kama mgao wa eneo unazidi hapo, ongeza tanki au acha nyumba. Aliye na kazi ya mtandaoni apime intaneti ndani ya nyumba hiyo hiyo, saa mbili usiku, kwa laini za mitandao miwili tofauti. Mawe na miinuko ya Iringa hufanya mtaa mmoja ushike vizuri na wa pili usishike.

Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali atataka ya mwezi mmoja. Nashauri miezi mitatu kwanza, hata ikibidi kuongeza kidogo kwa mwezi, na miezi hiyo iguse Julai, huku nyumba ya Dar hujaiachia. Inaonekana ghali, lakini ukilipa mwaka mzima na ukashindwa kukaa, kurudishiwa pesa ni shida. Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya mashahidi, na ukifika uripoti kwa balozi na mtendaji wa mtaa. Barua yake ya utambulisho utaihitaji kwa mambo mengi, na watu wa mtaa wakishakujua hawakukatai. Jifunze kusema "kamwene", salamu ya Kihehe, mapema. Mji mdogo unakupokea kwa salamu, na atakayekuletea mteja wa kwanza huenda ni jirani uliyemsalimia.

Safari za kurudi Dar nilizipa ukurasa wake, maana hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Chukua mfano: Dar unalipa kodi 400,000 kwa mwezi, Iringa utalipa 200,000. Umeokoa 200,000 kwa mwezi, 2,400,000 kwa mwaka. Nauli ya basi ikiwa 30,000, familia ya watu wanne kwenda na kurudi ni 240,000, bila chakula cha njiani wala bajaji. Safari moja imekula zaidi ya mwezi mzima wa ulichookoa. Misiba, harusi, mzazi anayeumwa na mikutano ya kazi vikikurudisha mara tano na familia yote, nusu ya faida imekwisha. Kaa uandike ni nani kati yenu atakwenda kwenye shughuli zipi, na mkubaliane kabisa kabla ya kuhama, kwa kuwa siku ya msiba hakuna anayebishana kuhusu nauli. Umbali ni kama kilomita 500, na basi linatumia siku nzima ya mwanga. Mwenye gari lake akague maji ya rejeta kabla ya kuupanda mlima Kitonga, na wakati wa kurudi ashuke na gia ndogo, breki zisije zikachemka. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi aheshimu mwendo, kwani kumgonga mnyama kuna faini.

Mwenye mgonjwa wa kudumu aanze na hospitali kabla ya hayo yote. Iringa ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa magonjwa mengi inatosha. Lakini kliniki ya moyo ya Taasisi ya Jakaya Kikwete na ya saratani ya Ocean Road ziko Dar. Muulize daktari wako kama ufuatiliaji unaweza kuhamishiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au ya rufaa ya kanda, Mbeya. Daktari akisema lazima Dar kila mwezi, binafsi ningeahirisha kuhama, hata kodi ingekuwa ya bure.

Watoto wahame Desemba ili waanze Januari. Mwanafunzi wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne asihamishwe baada ya shule kumsajili kwa mtihani wa taifa, maana anabaki na kituo cha Dar wakati anaishi Iringa. Chukua fomu ya uhamisho na namba yake ya PREM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi) kabla shule hazijafungwa. Likizo ikianza, mwalimu mkuu hapatikani. Mwenye leseni ya biashara aombe mpya kwa manispaa atakayofanyia kazi, na ofisi ya kodi iarifiwe mabadiliko ya anwani, vinginevyo makadirio yataendelea kuhesabiwa kwa duka ambalo halipo.

Kuhusu mizigo, usikodi lori la kwenda na kurudi. Mafuso yanayoleta viazi, vitunguu na nyanya Dar hurudi matupu. Nenda sokoni Mabibo au Ilala alfajiri, yakiwa yanashusha, uzungumze na dereva wa Iringa au Makambako. Kwake mzigo wako ni nyongeza, kwa hiyo bei hupungua sana. Sharti bodi lifagiliwe na kukaushwa, kwa sababu maji ya nyanya huingia kwenye godoro na harufu haitoki. Funga magodoro kwa nailoni, na uhakikishe turubai halina matobo, kwani Desemba mvua za Iringa zimeshaanza. Friji isimame wima. Ikilazimika kulazwa, ikifika isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuchomekwa, mafuta yarudi kwenye kompresa. Vyombo vya kioo vikae mbele karibu na kichwa cha gari, ambako mtikisiko ni mdogo. Makabati ya mbao za kubandika yauze Dar: yanaachia kwenye skrubu njiani, na kwa gharama ya kuyasafirisha unakaribia kununua kabati la paina kwa fundi wa Iringa.