Lapu stili za zamani: anza na pikapu, maliza na forodha

Aliyezoea kununua gitaa la kawaida hukagua kwanza kama shingo imepinda, kisha kama freti, vile vyuma vya kukingama shingoni, zimelika. Kwenye lapu stili, gitaa la umeme la kulazwa mapajani, hayo mawili hayana uzito. Nyuzi zake hukaa karibu milimita 10 juu ya shingo na hazibonyezwi kamwe; mpigaji hulipakata gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Freti ni alama za kuongoza macho tu, na mara nyingi zimechorwa kwa rangi. Kwa hiyo shingo iliyopinda kidogo si sababu ya kukataa. Kinachobeba bei ni pikapu, yaani kile kifaa cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi, na ndiyo hung'olewa kwanza.

Chukua Fender Champion ya miaka ya 1949 hadi 1955, ile iliyofunikwa plastiki yenye mng'ao wa lulu. Pikapu yake ni ndugu wa karibu wa ile iliyokuja kuwekwa kwenye daraja la Telecaster, gitaa la kawaida la umeme la Fender, basi kwa miaka mingi watu wamekuwa wakinunua Champion, wanachomoa pikapu na kuuza gofu. Rickenbacker nazo zimepatwa na hayo hayo. Lapu stili yake ya alumini iliyopewa jina la utani Kikaango, iliyoanza kuuzwa 1932, na ile ya bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) iliyofuata mwaka 1935, zote zina sumaku mbili za umbo la U zinazozikumbatia nyuzi kutoka juu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sumaku hizo zilikuwa na upana wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Baada ya vita zikapunguzwa hadi inchi moja na robo, karibu milimita 32. Wakusanyaji wanataka zile pana. Ukiona tangazo la "bakelaiti ya kabla ya vita", omba picha ya rula ikiwa imelazwa juu ya sumaku. Muuzaji akianza kuzunguka, achana naye.

Nairobi huwezi kuingia dukani ukakuta chombo hiki kimening'inia ukutani. Utanunua kwa picha, kutoka Marekani au Uingereza, kwa hiyo picha ndizo macho yako. Zaidi ya ile ya rula, omba picha ya ndani kifuniko cha vidhibiti kikiwa kimefunguliwa. Nyuma ya potensiometa, kile kipande kinachozungushwa na kitufe cha sauti, tafuta tarakimu zilizogongwa: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS, 134 ni CentraLab. Zinazofuata ni mwaka na wiki. 304-5-12, kwa mfano, ni Stackpole ya wiki ya 12, mwaka 1945 au 1955. Umbo la gitaa lenyewe litakuambia ni upi kati ya hiyo miwili. Tarakimu hizo zinasema tu kwamba gitaa halikukamilika kabla ya siku hiyo. Potensiometa iliweza kulala ghalani miezi kadhaa, au ilibadilishwa na fundi. Tazama pia lehemu: ya zamani ina rangi ya kijivu iliyofifia, na nyaya zimevikwa kitambaa. Lehemu inayong'aa kama shilingi mpya inamaanisha kuna mtu alipita hapo. Kwenye gitaa la miaka ya 1930, skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya kutiliwa shaka. Wakati huo ilitarajiwa yenye mfereji mmoja.

Kisha mwambie muuzaji apime kwa mita, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Achomeke waya kwenye tundu, afungue sauti hadi mwisho, aweke mita kwenye kilo-ohm 20. Koili (waya uliozungushwa ndani ya pikapu) ya kilo-ohm 8 yenye potensiometa ya kilo-ohm 250 itasoma kama 7.75, kwa sababu viwili hivyo vimeungana sambamba. Mita ikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto, yaani imezidiwa, apandishe hadi megaohm 2. Ikisoma karibu 250 au 500, hicho unachopima ni potensiometa tupu: koili imekatika. Ikisoma sifuri, kuna waya unaogusa mahali usipotakiwa, na hilo ni jambo dogo. Rickenbacker za kabla ya vita zilizungushiwa waya mnene zaidi, hivyo namba yake huwa ndogo kuliko ya Fender. Usiikatae kwa sababu hiyo.

Koili iliyokatika si mwisho wa safari. Waya wa Fender una unene wa karibu milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na mara nyingi hukatika pale ulipolehemiwa kwenye waya wa kutokea. Ikiwa ni ncha ya nje, fundi mwenye mkono mwepisi na lenzi anaweza kufungua mzunguko mmoja, akakwangua vanishi na kulehemu upya. Ikiwa ni ncha ya ndani, itabidi izungushwe upya yote, na bei ishuke kulingana na hilo.

Kuhusu mbao, kuna jambo moja linaloweza kukukwamisha kabisa. Watengenezaji wa Marekani walitumia sana mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra kwa ubao wa juu wa shingo. Mti huo uko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992, hivyo unahitaji kibali cha nchi unakotoka na kingine cha hapa, ambacho hushughulikiwa na KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Kwa chombo kimoja cha mapajani, ni kazi kubwa mno. Anayeanza kukusanya akiwa Nairobi ana amani zaidi na alumini, bakelaiti, au gitaa za chapa ya Supro zilizovikwa plastiki ya lulu. Nyuzi za Supro hizo hupita katikati ya pikapu, na sauti yake ni nene, chafu kidogo, tamu sana kwa bluzi. Kwa wapenzi wa kantri waliolelewa na Jim Reeves, Fender au Rickenbacker itawafaa zaidi.

Forodha kwa kawaida hukadiria ushuru juu ya bei pamoja na bima na usafiri, si bei peke yake. Juu ya ushuru kuna VAT ya 16% na ada nyingine za uingizaji. Mtajie wakala wako kifungu 9207, cha ala zinazotegemea umeme, na uwe na risiti halisi ya malipo. Kabla ya kufungasha, muuzaji alegeze nyuzi bila kuzitoa, aache sentimita 5 za sponji pande zote, na shingo isiguse ukuta wa boksi. Bakelaiti haipindi hata kidogo. Ikidondoka hupasuka, hasa kwenye matundu ya skrubu yanayoshika shingo.

Likifika, usikimbilie kusafisha. Vichwa vya plastiki vya kukazia nyuzi mara nyingi huwa vimesinyaa na kuanza kumeguka. Kutengeneza ni rahisi. Toa mabaki yote kwa mkono na usiyaguse kwa moto, maana seluloidi, plastiki ya vichwa hivyo vya zamani, hushika moto haraka. Weka kichwa kipya kwenye ncha ya mhimili, gusisha ncha ya chuma cha kulehemia cha wati 40 kwenye mhimili wenyewe, na sukuma taratibu plastiki inapoanza kulegea. Kichwa kikinyooka, ondoa chuma hicho na uache kipoe. Tunza vile vya zamani kwenye bahasha. Plastiki ya lulu nayo hutoa mvuke wa asidi inapozeeka. Ukiona chuma kinageuka kijani, acha kasha wazi.

Skrubu za Marekani ni za inchi. M3 ya hadweani, ambayo ni ya milimita, itaingia nusu mzunguko kwenye tundu la 4-40, kipimo cha inchi, kisha itakula hesi zake. Nyuzi nazo zina usumbufu wake. Kwa mtuno wa C6, yaani nyuzi zikifungwa C E G A C E kuanzia ule wa sauti nzito, kwenye urefu wa inchi 22.5, tumia unene wa 36, 30, 26, 22, 18 na 15, kwa elfu za inchi. Seti ya gitaa la kawaida ya 10–46 itakupa 36, 26, na 17 inayoweza kushika nafasi ya 18. Hizo nyingine tatu agiza moja moja, ikiwezekana kwenye mzigo huo huo wa gitaa.

Ukinunua pamoja na amplifaya yake ya zamani, usiichomeke ukutani. Imetengenezwa kwa volti 117 na hezi 60. Hapa ni 240 na 50. Transfoma ya kushusha ya wati 200 kutoka Luthuli Avenue inatosha amplifaya ya wati 5, na ipange itoe 110, kwa sababu kwenye hezi 50 transfoma ya ndani hupata joto zaidi. Nyingi za kushusha hazitenganishi umeme, na amplifaya hizo zina plagi ya pini mbili na kapasita inayounganisha waya wa umeme na bodi, yaani kasha la chuma la ndani. Kapasita hiyo ikifa, bodi na nyuzi vyote vinaweza kuwa na umeme. Fundi aikate, aweke kebo ya nyaya tatu yenye ardhi, na abadilishe kapasita za elektroliti kabla hujaiwasha mara ya kwanza.