Nilivyoifungua pedali yangu ya wawa

Mtu ambaye hajawahi kushika chuma cha kuchomelea akiniuliza aanze na nini, namwambia aanze na pedali ya wawa, ile ya kukanyaga inayolifanya gitaa litoe sauti ya "wa-wa". Inatumia betri ya volti 9, kwa hiyo hakuna cha kukurusha. Amplifaya ya taa (ile ya zamani ya vioo) ni habari nyingine kabisa, hata ukiichomoa ukutani bado kapasita zake, yaani vihifadhi vya umeme, zinaweza kukudhuru. Halafu vitu vya ndani ni vichache: transista mbili za kukuza sauti, indakta moja (koili ya waya), volyumu moja (rizista ya kuzungusha) ya kiloomu 100, na rizista na kapasita kadhaa. Toleo jipya huongezewa transista pale sauti inapoingilia, basi.

Yangu ni ya zamani, aina ya Cry Baby, niliinunua mkononi kwa mpiga gitaa aliyekuwa anahama Tabora. Napiga solo kwenye kwaya. Kwa kwaya chombo hiki si kigeni sana, maana mwaka 1966 fundi wa Thomas Organ kule Marekani, Brad Plunkett, alikipata kwa kuunganisha saketi yake na pedali ya sauti ya kinanda cha Vox. Shida ya hii yangu ilikuwa kwamba ukiikanyaga inakwaruza, na ukiizima gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi.

Kukwaruza hakukuhitaji risasi ya kuchomelea hata tone. Unafungua miguu minne ya mpira chini, unaona reli yenye meno inayoshuka na kupanda na kanyagio, nayo inazungusha gurudumu dogo kwenye volyumu. Kiangazi cha Tabora mnakijua, vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Nilipuliza dawa ya kusafishia volyumu, nikazungusha mara nyingi, ikatulia. Nikiwa humo humo nikalegeza gurudumu, nikalirusha meno mawili, nikalirudisha kwenye reli. Kufanya hivyo kunahamisha sehemu ya volyumu inayotumika, na sauti ya pedali inabadilika bila kutumia hata shilingi. Nashangaa watu wengi wanakimbilia kununua vifaa kabla ya kugusa hilo gurudumu.

Kuchomelea nilifundishwa na mzee mmoja fundi redio wa huku Ng'ambo, Tabora. Alinipa bodi ya redio mbovu, nikawa natoa na kurudisha vitu vyake mpaka mkono ukazoea. Kosa la kila mgeni ni kuyeyusha risasi kwenye ncha ya chuma kisha kuipaka kama rangi. Mzee alikuwa ananigonga kidole: "Mwanangu, pasha mguu wa kitu na shaba yake kwa pamoja, risasi uiguse huko. Ikishika moto itakimbia yenyewe." Na kweli, kiungo kizuri kinang'aa na kuteremka pembeni. Kikibaki kitonge chenye ukungu, kipashe tena.

Sasa sauti yenyewe. Sambamba na indakta kuna rizista ya kiloomu 33, utaitambua kwa mistari mitatu ya rangi ya chungwa. Hii ndiyo inayoamua kilele cha sauti kiwe kipana au chembamba. Ukiiongeza, wawa inakuwa kali, inakaribia kutamka. Ushauri unaopatikana mtandaoni ni kuweka 68 au hata 100, na kapasita ya maikrofaradi 0.01 iliyo kwenye saketi ya wawa uibadilishe kwa kubwa zaidi ili pedali ishuke kwenye besi.

Ushauri huo ni wa wapiga roki, gitaa lao limeshachafuliwa sauti kwa makusudi, likwaruze, kabla ya kufika hapo. Sisi tunapiga gitaa safi, nyuzi za juu, na chini tayari kuna besi na kinanda wanagombania nafasi. Kwa hiyo sikuchomelea kitu moja kwa moja. Nilitoa ile rizista, mahali pake nikaweka nyaya mbili ndefu zinazotokeza nje ya boksi, mwishoni vibanio. Mazoezini nikawa nabana rizista moja, tunapiga pambio, nabana nyingine. Kwa 100 gitaa lilikuwa linaongea puani, mpiga kinanda akaniuliza kama nina mafua. Kwa 47 kila noti ilisikika na bado ilikuwa na ulimi. Hiyo ndiyo niliyochomelea: njano, zambarau, chungwa. Kapasita nilijaribu 0.015, wawa ikateremka mpaka kwa mtu wa besi, nikarudisha ile ile ya kiwandani.

Ukitaka kujua kwa nini inateremka, ni hesabu fupi. Indakta ni karibu nusu henri. Ukiiweka na maikrofaradi 0.01 kilele cha sauti kinaangukia karibu hezi 2,250, hapo ni vidole vya mguu vimekanyaga pedali hadi mwisho. Kisigino kikishuka, saketi inaifanya kapasita ionekane kubwa kuliko ilivyo, na kilele kinashuka hadi mahezi mia chache.

Blanketi ndilo lililonichosha zaidi. Swichi ya kiwandani ilikuwa inabadilisha upande wa kutokea tu, mlango wa kuingilia unabaki umeungana na saketi hata pedali ikiwa imezimwa, na sumaku za gitaa, zile zinazonasa mtetemo wa nyuzi, hazina nguvu ya kubeba mzigo huo. Dawa yake ni swichi ya kukanyaga yenye miguu sita, inayokata pande zote mbili. Madukani hapa sikuipata, ilikuja na basi kutoka Dar. Kabla ya kuchomelea nilipima miguu kwa mita, nikajua ipi inaungana na ipi swichi ikiwa juu na ikiwa chini, nikachora kwenye karatasi. Chora kwanza, mwenzangu, nyaya zikishajaa humo ndani zote zinafanana.

Taa ya kuonyesha kama imewaka sijaweka, hiyo kwa kawaida inadai swichi ya miguu tisa, na sikio linatosha kuniambia. Indakta nayo imebaki ya kiwandani. Watu wanasifu sana zile nyekundu za Fasel, lakini kwa bei ya hiyo moja kutoka nje nanunua nyuzi za mwaka mzima.