Pedi za Shangazi

Ramadhani ilikuwa imekaribia. Shangazi aliniita chumbani, akanitia noti kiganjani na kuninong'oneza nimnunulie pedi. Nyumbani kwake Kibokoni hapakuwa na binti wala mkaza mwana. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 61, na hedhi ilimkatika zamani, kabla mimi sijaolewa. Nilipomletea alikifutika kifurushi ndani ya leso.

"Za nani, shangazi?"

"Nyamaza, mwanangu. Haya ni mambo ya stara."

Usiku ndipo aliponieleza. Ilianza kwa doa, ikakoma, ikarudi. Haikumuuma popote, na kwa kuwa haikumuuma hakuona sababu ya kumwona daktari. Jirani mmoja alimwambia ni damu chafu iliyosalia mwilini, aiache itoke. Mwingine alimpongeza kwamba ujana umemrudia. Duka la dawa walimpa vidonge vya kukata damu bila kumuuliza hata umri, jambo ambalo mpaka leo linanikera. Yeye kilichomnyima usingizi ni ibada: kama ni hedhi, aache swala na saumu, kama ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, ajisafishe, atawadhe, aendelee. Akampelekea swali ustadhati wake baada ya darsa. Mama yule, Mungu amlipe kheri, alimjibu la ibada, kisha akamwambia, "Na hospitali uende. Siku ya kupimwa usifunge, utailipa. Usingoje Idi."

Tukaenda Makadara, ndivyo tunavyoiita bado Hospitali Kuu ya Pwani. Tulimwomba daktari mwanamke, tukampata. Alimsikiliza shangazi mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Bi mkubwa, hedhi ikishakatika miezi 12 mfululizo, damu itakayokuja baada ya hapo hatuihesabu kuwa ni hedhi. Hata ikiwa tone moja, hata ikiwa ya waridi tu, lazima tujue inatoka wapi."

Akamweleza kwamba mara nyingi ni kuta za uke na za mji wa mimba zilizokonda na kukauka kwa upungufu wa homoni, zikawa zinachubuka upesi. Pengine ni kinyama kilichoota ndani, pengine ukuta wa ndani umenenepa kupita kiasi. Na katika kila wanawake kumi wa namna hii, mmoja hivi hukutwa na saratani. Hapo shangazi alinibana vidole. Daktari aliona, akaongeza kuwa saratani ya mji wa mimba mara nyingi hujitangaza mapema kwa damu hiyo hiyo, na ikiwahiwa, wengi hupona kwa kutolewa kizazi.

Alitazama mlango wa kizazi, kisha akapiga picha kwa ultrasaundi ya ndani. Ukuta ukiwa milimita 4 au chini ya hapo, moyo hutulia. Wake ulikuwa 12. Shangazi ana sukari na ni mnene, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni, homoni ya kike, hata ovari zikipumzika. Estrojeni hiyo, bila homoni mwenzake, projesteroni, ya kuizuia, huunenepesha ukuta ule. Ikabidi achukuliwe kipande kwa mrija mwembamba. Maumivu yalikuwa ya chango, ya muda mfupi. Alisoma Ayatul Kursiyyu tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho, nami nikimuitikia moyoni.

Kungoja majibu ya maabara ndiko kulikotutesa. Futari ilikuwa haipiti kooni. Yalipotoka, ukuta ulikuwa umenenepa kweli, ila chembe zake hazikuwa za saratani wala hazikuonyesha dalili ya kugeukia huko. Akaandikiwa vidonge vya homoni ya aina ya projesteroni, akarudi kuchukuliwa kipande kingine baada ya miezi sita. Safari hiyo kilitoka safi.

Mwaka uliofuata nilimkuta jikoni na wifi yake, mke wa ammi yangu, aliyekuwa na miaka 48 na hedhi yake imeanza kuvurugika. Shangazi huyu huyu wa stara alikuwa akimhoji waziwazi.

"Ikiruka mwezi ikaja mwingine, hiyo ni kawaida ya umri wako, wifi. Lakini je, inakuja na mabonge? Inapita wiki nzima? Unaona damu ukishakuwa na mumeo, au katikati ya mwezi?"

Wifi yake akainamisha kichwa, akasema ndiyo, ya mabonge.

"Basi kesho vaa buibui, nitakupeleka mwenyewe."