Mistari Kumi na Mmoja Yenye Vishale

Jumapili usiku mpwa wangu aliye Dar alinitumia picha ya skrini kwa WhatsApp. "Shikamoo mjomba. Huyu ni wewe?" Nikatafuta miwani. Juu kabisa palikuwa na anwani yangu ya barua pepe ya chuo, Michigan, majina yangu yote matatu, na mwaka 1996. Chini yake mistari kumi na mmoja, kila mmoja umeanza na kishale: >

Marahaba. Ndiyo, ni mimi. Nilijitambua kwa herufi kubwa, maana enzi hizo nikikasirika niliandika kwa herufi kubwa.

Nyie mliozaliwa juzi: kabla ya Facebook kulikuwa na Usenet, mabaraza ya mijadala ya mtandaoni, na kijiwe chetu kiliitwa soc.culture.african. Wengi tulikuwa wanafunzi wa ughaibuni, kwa kuwa ndio tuliokuwa na kompyuta zenye mtandao, tena za bure. Nilikuwa nikimaliza zamu yangu ya kuosha vyombo bwaloni, moja kwa moja chumba cha kompyuta, kubishana mpaka saa nane za usiku. Ujumbe ulinakiliwa kutoka seva hadi seva, ukakaa siku chache, ukafutwa kupisha mwingine, maana nafasi kwenye diski ilikuwa ghali. Kwa hiyo tulisema kama watu wa barazani. Ya jioni yamekwisha jioni.

Kumbe kulikuwa na waokotaji. Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto alikuwa ametunza kanda za sumaku 141, zenye jumbe zaidi ya milioni mbili za tangu 1981. Mwaka 1995 wakaja Deja News, wao wakihifadhi na kumwezesha yeyote kutafuta. Februari 2001 Google wakainunua hazina ya Deja, na Desemba mwaka huohuo wakaifungua pamoja na kanda zile: miaka 20 ya maneno ya watu, jumbe zaidi ya milioni 700. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshasahau hata nywila yangu.

Ila nilikuwa mjanja, au nilijiona hivyo. Ukiandika X-No-Archive: yes kwenye mstari wa kwanza, Deja hawakukuhifadhi. Niliandika. Na kweli, ujumbe wangu mwenyewe haupo popote. Lakini aliyenijibu hakuandika, na kwa desturi ya siku zile alininukuu neno kwa neno kabla ya kunijibu. Kwa hiyo nimehifadhiwa ndani ya jibu la mtu mwingine, kishale kwa kishale.

Nilisema nini? Bwana mmoja wa Lubumbashi, aliyekuwa akisoma Brussels, alikuwa ameandika "bantu" pale ambapo mimi ningeandika "watu", na "mayi" badala ya "maji". Nikamwambia akajifunze lugha kwanza ndipo aje kuzungumza na wenyewe. Nikakiita Kiswahili chake kiguru. WENYEWE niliiandika kwa herufi kubwa.

Leo mimi ni mkalimani Grand Rapids, na unga wa nyumbani kwangu unaletwa na Wakongo. Hospitali, shuleni kwa watoto wao, mahakamani. Mwaka wa kwanza nilimfanya mama mmoja wa Bukavu arudie mara tatu mahali panapomuuma, daktari ametutolea macho, na mama wa watu akaanza kusema polepole kama anayemfundisha mtoto. Mtoto mwenyewe mimi. Siku hizi narudi nyumbani naomba "mayi ya kunywa", mke wangu anacheka mpaka anakaa chini.

Yule bwana hakunitukana, na nadhani ndiyo maana inauma. Alinieleza, kwa Kiswahili chake kilekile, kwamba hicho ninachokiita sanifu kilitokana na Kiunguja, na kilisimamiwa na kamati iliyoundwa na Waingereza mwaka 1930. Huko kwao Mbelgiji alikuwa na mambo yake, hakuna aliyewaita kikaoni. Kisha akaona saini yangu, ambayo kwa maringo niliimalizia na neno "Tanga", akauliza: na wewe wa Tanga, bibi yako alisema kama kamati?

Bibi yangu alisema Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga. Nilipokwenda shule na maneno yake mwalimu aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu, na mimi nikarudi kumsahihisha bibi. Nilikuwa na miaka tisa. Alininyamazia, akaendelea kukuna nazi.

Nakumbuka kulisoma lile jibu la yule bwana. Nilifunga kompyuta, nikavaa koti, nikaenda zangu bwenini.

Juzi nimemwandikia kwa anwani yake ile ya Brussels, barua ikarudi dakika hiyohiyo. Nikataka angalau kumjibu palepale chini ya mjadala, lakini tangu tarehe 22 Februari 2024 Google hawapokei tena maandishi mapya ya Usenet. Ya zamani unaweza kuyasoma tu. Swali lake kuhusu bibi yangu ndilo la mwisho. Chini yake ukurasa mweupe.

"Mjomba, mbona hukumjibu?" mpwa wangu ameandika tena asubuhi hii. Nimemwambia niko kazini, nitampigia.